Moto Mlangoni kwa Kuku

Mkunga alikuwa ananawa mikono kabla ya kushika simu. Sabuni mpaka viwikoni, maji mara mbili, kisha anasimama mlangoni mwa kibanda changu ameinua mikono juu ikauke kwa upepo wa ziwa, na wateja wengine wanangoja nyuma yake. Mimi huchaji simu za watu kwa sola katika mji wetu wa Baraka, karibu na soko. Nimeona simu zikishikwa kwa mikono ya magamba ya ndagala, ya mawese, ya simenti mbichi. Yeye peke yake ndiye aliyenawa. Siku moja nilimtania: mama, hapa hapazaliwi mtoto, ni bateri tu imejaa. Akaniangalia mpaka nikaona haya.

"Mutoto yangu," akasema, "mule ndani muko bantu." Watu, ndani ya simu!

Jina lake nalijua. Sitaliandika, na sidhani kama atanilaumu, kwa maana mjini hakuna aliyelitumia. Hata mchungaji alipomwombea kanisani alisema "mtumishi wako Mkunga", na Mungu bila shaka alielewa ni nani. Yeye mwenyewe majina aliyaogopa kidogo. Alizalisha wanawake miaka mingi, kwanza Fizi kule milimani, halafu huku chini ziwani, na katika miaka mibaya aliwazalisha njiani, migombani, popote walipomwangukia. Miaka ile jina la mtu lilitaja kabila lake, na kabila liliweza kukuua. Basi Mkunga hakuuliza. Katika daftari la kazi aliandika alichokiona kwa macho: Mama wa kitenge cha samaki. Mama wa kovu la goti. Mama anayecheka.

Wanasimulia kwamba mkubwa mmoja alikuja kukagua daftari hilo, akafoka, akataka majina. Mkunga akamwambia kwamba mtoto naye anafika duniani bila jina na bado tunampokea kwa mikono miwili, sasa mama yake amekosa nini? Yule mkubwa alilifunga daftari, akalirudisha, akaomba maji ya kunywa.

Nimeanza na daftari makusudi. Bila hilo, mambo ya mchezo wa simu nitakayosimulia yataonekana ni wazimu wa uzee, na wapo Baraka wanaosema hivyo mpaka leo.

Mikono yake ilipoanza kutetemeka, hakungoja kuambiwa. Alivua koti jeupe, akalikunja, akaenda nyumbani. Kwa miezi kadhaa nilimwona ameketi kibarazani akitazama vidole vyake, na watu waliompita walimsalimu wakiharakisha. Mtoto wa dada yake, aliyekuwa akiishi Fizi, ndiye aliyemletea simu kuukuu iliyotoka Uvira. Mchezo ulikuwamo tayari, umeachwa na mwenye simu wa kwanza. Maandishi yake hayakuwa ya Kifaransa wala ya Kiswahili, ni mistari midogo iliyopandana, na hakuna aliyeweza kuyasoma. Picha zake lakini hata mtoto angezielewa.

Ilikuwa bustani. Kila mchezaji ana kiwanja chake chenye uzio na mlango, na mahindi yake ndani. Njiani, nje ya nyua zote, kuna kisima na ndoo. Mahindi yasipopata maji siku moja, yanainama. Jirani anaweza kukumwagilia kutoka njiani, juu ya uzio, lakini kuingia ndani hawezi mpaka umpe ufunguo. Hakuna kusemezana. Kuna alama tatu tu: kupunga mkono, kuweka ua, kuwasha moto. Nadhani waliotengeneza mchezo waliuweka moto ili watu wachome mahindi wakifurahi. Badala ya majina kuna picha. Simu ya Mkunga ilikuwa na picha ya kuku, kwa hiyo huko ndani yeye alikuwa Kuku. Jirani yake wa kushoto alikuwa na kofia nyekundu. Huyo akawa Kofia.

Sasa, Mkunga hakujua bustani ipi ni yake. Mwezi mzima alimwagilia ya Kofia akidhani ni yake. Siku aliponionyesha kwa majivuno jinsi mahindi "yake" yalivyonenepa, nikatazama picha iliyo mlangoni nikacheka.

"Mama, hii si yako. Yako ni ile pembeni."

Tukaitazama ile ya pembeni, tukitarajia kuona majani makavu. Ilikuwa mbichi kabisa. Na kando ya uzio, ndoo mkononi, alisimama Kofia. Mwezi mzima naye alikuwa akimwagilia ya Kuku. Kama alikosea, au alimwona mzee amepotea njia akaamua kumfuata katika kupotea kwake, hatukujua. Mkunga alicheka mpaka akaketi chini, na mimi nikamfuata. Kicheko kilipoisha nikamwambia basi kuanzia leo kila mtu arudi kwake.

"Nirudi kwangu juu ya nini? Mi nikirudi kwangu na yeye akirudi kwake, tutaonana wapi?"

Hivyo ndivyo walivyokaa. Kila asubuhi Kuku alimwagilia kwa Kofia, Kofia alimwagilia kwa Kuku, wakapungiana mikono na kuachana. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Mkunga alitenda wema akarudi kesho yake kuangalia kama umeota.

Halafu akawaletea salongo. Kwetu salongo ni siku ya kazi ya wote: kila mtu na jembe lake, barabara inalimwa, mtaro unazibuliwa. Mkunga alitafuta bustani iliyochoka kuliko zote, ya mtu mwenye picha ya kiatu, akaweka ua mlangoni pake na kuanza kumwaga maji. Kesho yake tena. Siku ya tatu Kofia alikuja. Baada ya hapo akaja mmoja mwenye picha ya mwezi, na mwingine mwenye samaki wawili, na ikawa desturi: Kuku akiweka ua mlangoni kwa mtu, wanakuja, kumi, kumi na watano, wanapita na ndoo zao kimya, bustani inanyanyuka. Walikuwa wa nchi gani? Wanaume, wanawake, watoto wa shule? Nilimuuliza kama hatamani kujua.

"Ukizama, muntu akikutosha mu maji, unamuulizaka kabila?"

Alinisimulia habari zao kila asubuhi simu ikichajiwa, wakati ukungu ungali umelala juu ya ziwa na upande wa pili hauonekani. Alizungumza juu yao kwa sauti ileile aliyotumia kuzungumzia watu wa mtaa. Leo Mwezi amechelewa. Kiatu ni mvivu, huyo, anapenda kulimiwa. Nilimsikiliza huku nikipanga nyaya, na polepole mambo yalinichanganyikia. Nikipita sokoni nilimtazama mama anayeuza sombe, majani ya mihogo, nikajiuliza, au wewe ndiye Samaki Wawili? Nilianza kuiota ile bustani. Katika ndoto nyua zake ziliteremka mpaka majini, na wavuvi walipita katikati ya mahindi na nyavu begani, bila kukanyaga hata jani moja, na kila mmoja alipunga mkono. Niliamka na furaha ambayo sikujua niiweke wapi.

Lakini nisimpake mafuta mno. Alikuwa na roho ngumu pia. Jirani yake wa kweli, wa ukuta kwa ukuta, alikuwa mama mmoja mkimbizi kutoka Burundi, mlimaji wa mihogo, ambaye nitamwita Jirani. Kuku mmoja wa Mkunga alipotea, manyoya yakaonekana uani kwa Jirani, yameungua, na tangu hapo, miaka miwili, hawakusalimiana. Jirani aliapa kwamba ni mbwa. Mkunga alisema mbwa hachomi manyoya. Nilikasirika siku moja nikamwambia wazi: mama, watu wa dunia nzima unawanyweshea mahindi, na huyu anayesikia unapokohoa humpi hata "jambo".

"Kofia hajakulaka kuku yangu," akajibu, na siku nne hakuja kibandani.

Kisha Kofia akapotea.

Mkunga alijua kwa sababu mahindi yake mwenyewe yaliinama. Yale ya Kofia aliendelea kuyamwagilia, siku baada ya siku, huku ya kwake yakikauka, kwani hayo hayakuwa kazi yake. Zikapita wiki mbili. Nilimwambia labda simu imeharibika, labda hana rezo, yaani mtandao, labda amechoka na mchezo. Akatikisa kichwa.

"Muntu wa vile haendake bila kuaga. Amekufa. Nitamulilia."

Nikadhani ni maneno tu. Kesho yake asubuhi aliwasha moto nje ya mlango wa Kofia mle mchezoni, akaweka simu chini, akatoka uani kwake akawasha wa kweli. Akatandika mikeka. Akafunga kitenge kiunoni na kuanza kulia.

Na watu wakaja! Kwetu ukiona moto wa kilio unaingia kwanza, unauliza baadaye. Wakaja na kuni, na unga, na ndagala kwenye beseni. Wa kwanza kabisa alikuwa Jirani, beseni la unga wa mihogo kichwani, akapita ule mlango ambao hakuupita kwa miaka miwili, akaketi mkekani akalia pamoja naye. Jua lilikuwa limepanda sana ndipo mzee mmoja alipouliza kwa adabu marehemu ni nani katika ukoo.

"Ni Kofia," akasema Mkunga.

"Kofia wa wapi, mama?"

"Wa mu telefone."

Nilikuwepo, na ningependa kusema kwamba sikucheka. Niligeuka ukutani. Wengine waliinuka mmoja mmoja wakiuma midomo, na mtu mmoja, Mungu amsamehe, alichukua kuni zake akaondoka nazo. Jirani hakuinuka. Alijifuta macho akauliza, "Alikuwa muntu muzuri?"

"Alikuwaka ananinyweshea mahindi."

"Basi tulie. Mi niliacha bantu bengi kwetu, sijue nani iko, nani haiko tena. Huyu pia nitamulilia."

Wakalia mpaka jioni, wawili tu, na bugali wakasonga pamoja. Habari ya kuku sikuisikia tena.

Siku ya tisa baada ya kilio hicho, Kofia alirudi. Alitokea tu njiani na ndoo yake, anapunga mkono. Kisha akaona majivu nje ya mlango wake. Mkunga aliniambia kwamba Kofia aliweka ua juu ya majivu. Baraka ilicheka kiangazi kizima. Mkunga alipopita sokoni walimwuliza kama Kofia amefufuka vizuri na kama anakula. Yeye alinyoosha shingo akapita. Akaniambia mimi, si wao: kumlilia aliye hai si dhambi, dhambi ni kuacha kumlilia aliyekufa.

Ila ile aibu ilimwachia hofu, na hofu hiyo haikumtoka tena. Aliniambia wazi, mara nyingi. Hakuogopa kufa, alikuwa amekiona kifo sana kikipita karibu na uzazi. Aliogopa kupotea kama Kofia alivyopotea. Kofia atamlilia bure, au atamngoja bure, na kumngoja bure ndiko kubaya zaidi. "Anijue," alisema. "Nikiwa muzima ajue. Nikikufa ajue." Nami niliuliza atajuaje, na huko hakuna maneno? Akanieleza kana kwamba ni mimi niliyekuwa na mikono inayotetemeka: moto wa nje ni wa majirani, na jirani anaweza kukosea. Moto wa ndani ni wa wenye nyumba. Huo haukosei.

Macho yake yakaingia ukungu, kwanza jicho la kulia, kisha yote mawili. Yule mtoto wa dada yake akaja kumchukua, akampeleka kwake Fizi, akawa anamshikia kidole kila asubuhi kumwagilia. Asubuhi zangu zikawa ndefu. Sikujua jinsi nilivyomzoea mpaka nilipojikuta nanawa mikono kabla ya kushika simu za watu.

Kama miezi minne baadaye mnara wa simu wa kule Fizi ulizimika. Wiki moja, mbili, tatu. Jirani, aliyekuwa akimpelekea mihogo, aliteremka na ujumbe. "Anasema upande kule Fizi na kadi ya rezo ingine. Anasema fanya mbio, Kofia atalia."

Nilifunga kibanda nikapanda pikipiki. Nilimkuta amekonda, ameketi na simu yake mapajani imefungwa kwenye kitambaa. Hakunisalimu, alisema tu, "Uliichukua?" Mtoto wa dada yake akatwambia kuna mahali nyuma ya ofisi ya serikali, juu ya kilima, ambapo ile kadi nyingine inashika. Mkunga akaomba kwanza maji na sabuni. Tukamnawisha mpaka viwikoni. Tukapanda, mkono wake begani mwangu, ukungu wa asubuhi umefunika mabonde yote chini yetu, na kwa kweli macho yangu hayakuona zaidi ya yake.

Kileleni rezo ikashika. Bustani ikafunguka. Nikaisogeza simu karibu na uso.

"Unaona nini?"

"Naona moto, mama."

"Ya ndani ao ya inje?"

"Ya inje. Mbele ya mulango yako."

Akashusha pumzi. "Nimechelewa. Kofia analia."

"Kofia iko. Na Mwezi. Na Samaki Wawili. Mama, wako bengi, banaikala kuzunguka moto yote."

"Na Kiatu?"

"Na Kiatu."

"Kiatu!" akasema. "Na vile nilimusemaka!" Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na mimi pia. Nikamwambia apunge mkono upesi, awatoe kwenye kilio cha bure. Akaushika mkono wangu.

"Ngoja. Acha balie kidogo. Muntu gani anaonaga kilio yake?"

Basi tukaketi pale kwenye nyasi zenye umande, tukahudhuria kilio chake. Nilimsimulia kila aliyefika na kila aliyeweka ua. Akauliza mahindi yake yakoje, na nikatazama: yalikuwa mabichi, yamekomaa, na Kofia aliinuka kila baada ya muda kidogo kuyamwagilia, kisha akarudi kuketi. "Hivyo ndio kilio," alisema. "Unalia, na kazi inaendelea."

Alipotosheka, nilikiongoza kidole chake mpaka kwenye alama ya mkono. Kilitetemeka vibaya. Kila kikitetemeka kiligusa, na kila kikigusa Kuku alipunga, akapunga, akapunga, mara nyingi kuliko mtu yeyote alivyowahi kupunga mle. Wote waliinuka. Kofia alikimbia akauzunguka moto mara tatu, na maua yakajaa mlangoni mpaka mlango haukuonekana. Nilimsimulia hayo yote kwa sauti ya kupiga kelele, kana kwamba ni masikio yaliyopofuka.

Kabla ya kushuka alinitaka niutume mchezo kutoka simu yake kwenda yangu. Nilichagua picha ya sufuria. Hapohapo akanipa ufunguo, ule ambao hakuwahi kumpa mtu.

"Siku ya kweli, we ndio utawasha. Ndani. Na usijifanye mi."

Alifariki Fizi, mvua zilipoanza. Tulimzika kwa jina lake kamili, na nilipolisikia likisomwa nilidhani ni la mtu mwingine. Nilirudi Baraka. Asubuhi nilinawa mikono mpaka viwikoni, nikaiinua ikauke, na wateja wakangoja. Kisha nikaingia kwa ule ufunguo, nikawasha moto katikati ya mahindi, na mlango nikauacha wazi, maana nyumba ya msiba haifungwi.

Kofia alikuwa njiani, ndoo mkononi. Aliuona moto akainua mkono, akapunga. Aliwahi kumwona Kuku akirudi. Akapunga tena, akangoja. Sikuwa na ruhusa ya kumjibu kama Kuku, nikaketi tu kando ya moto pale ndani. Akanitazama, Sufuria, asiyenijua. Akautazama mlango ulio wazi.

Alimaliza kwanza kumwagilia mahindi yake Kuku, mstari hadi mstari. Kisha akaweka ndoo chini, akaingia, akaketi karibu nami, na hakupunga tena.